Mwanangu, msianze na kilele

Mbeya, Julai

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Masomo yanakwendaje? Sisi ni wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Shangazi yako wa Uyole anasema sakitu imeunguza viazi vyake vyote vya bondeni, na mdogo wako analala na sweta mbili kama mlinzi wa usiku.

Barua yako nimeisoma, kisha nikampa baba yako. Tumefurahi kusikia mnataka kuandaa matembezi ya hisani, wazazi na watoto pamoja, ili mpate fedha za vyoo vya wasichana. Lakini naona kitu cha kwanza mlichokipitisha ni mlima, tena Udzungwa. Kwa ninavyokujua, hilo wazo ni lako. Mwanangu, lango kuu la hifadhi ile liko Mang'ula, upande wa Morogoro. Ukikodi mabasi kutoka Iringa, ukalipa viingilio na waongoza njia, nauli peke yake itameza choo kizima, mlango na bawaba zake.

Kwa vile umeniuliza sisi kwenye kamati ya shule ya mdogo wako tulifanyaje, nakueleza.

Mabishano yalianzia hapohapo kwenye mlima. Akina baba, ambao wengi wao hatujawahi kuwaona kwenye kikao cha wazazi, walikuja siku ile na milima yao mfukoni. Mmoja alitaka Rungwe, mita 2,960, kwa sababu aliwahi kuupanda akiwa kijana. Mwingine akataka Loleza, kwamba uko juu ya mji hapa, hakuna nauli. Ni kweli hakuna nauli, lakini mji uko kama mita 1,700 na kilele kile ni mita 2,656. Hiyo ni karibu kilomita moja ya kwenda juu tu. Mwalimu mkuu akawaacha waseme mpaka wachoke, kisha akauliza: mama mwenye mtoto mgongoni ataishia wapi? Na babu anayelea wajukuu wake wawili peke yake, yeye tunamwambia abaki nyumbani atume mchango?

Ndipo tukaenda Ngozi, kwenye ziwa lile la mlimani. Sababu haikuwa uzuri wa ziwa, ingawa ni zuri. Ni kwamba njia yake inakatika vipande. Ukishuka kwenye kosta pale Isongole, barabara ya Tukuyu, unatembea kwanza kati ya mashamba ya viazi na kabichi, na hapo hata bibi yako alitembea na fimbo yake akisalimiana na kila mwenye jembe. Kipande hicho kinaishia ukingoni mwa msitu. Tulitangaza mapema kwamba anayefika hapo amefika, jina lake linaandikwa kama la mwingine yeyote, na chai na viazi vya kuchemsha viko hapo. Wenye nguvu wakaendelea ndani ya msitu, kwenye mianzi na matope, mbega wakiruka juu ya vichwa. Mwishoni mlima unasimama wima hadi unashika mizizi kwa mikono, halafu ghafla huna mahali pa kukanyaga: ziwa liko chini yako, kijani, limezungukwa pande zote na kuta za krata, lile shimo la volkano ya zamani. Tulikubaliana kwamba hakuna mtoto anayeshuka majini. Kuta zile zina urefu wa mita kama mia mbili na utelezi wake si wa kuchezea. Mdogo wako alinuna, nikamwacha anune.

Msitu ule ni wa hifadhi, kwa hiyo barua ya kuomba kibali TFS, wakala wa misitu, iliandikwa mapema, na waongoza njia walikuwa vijana wa palepale kijijini waliolipwa. Msiende popote bila mwenyeji.

Sasa fedha, kwa sababu najua ndiyo unayosubiri. Anza na hesabu, wala si kulia shida. Ada ilifutwa tangu Januari 2016, na ruzuku ya uendeshaji kwa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Ukitoa chaki, karatasi za mitihani na ukarabati mdogomdogo, choo hakijengeki humo. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Ninyi bwenini mko wangapi kwa tundu moja? Nendeni mkahesabu, kisha namba hiyo iandikwe juu kabisa ya fomu ya ahadi. Mtu akiiona hiyo hahitaji hotuba.

Fomu iwe ya familia, isiwe ya mtoto. Hili lilitugharimu kikao kizima na bado naona ndilo jambo bora tulilofanya. Wapo waliotaka kila mtoto apewe bahasha yake, na atakayeleta nyingi apewe zawadi mbele ya wenzake. Nilikataa, na mama mmoja muuza mitumba wa Mwanjelwa alikataa kwa sauti kubwa kuliko yangu. Mtoto wa mwenye duka atapata zawadi kila mwaka, na mtoto wa kibarua ataanza kuumwa tumbo siku ya kurudisha bahasha. Wapo pia waliotaka ahadi kwa kila kilomita. Hilo nalo usilikubali. Mtoto akichoka njiani anajiona amepoteza hela ya shule, na mzazi anaanza kumburuta.

Na ahadi isiwe shilingi tu. Kwetu aliyeahidi tripu moja ya mchanga aliandikwa, fundi aliyetoa siku zake za kazi aliandikwa, na baba mmoja wa bodaboda aliyebeba maji na mizigo ya wazee kutoka barabarani tangu alfajiri naye yumo kwenye orodha. Matofali ya kuchoma yalitoka kwa watu ambao kwenye mchango wa kawaida wangesema hawana kitu, na wangekuwa wanasema kweli.

Fedha taslimu zisikae mkononi mwa mtu yeyote, hata awe mwalimu unayempenda. Ziingie akaunti ya shule, risiti itoke, na jumla isomwe mbele ya watu palepale ubaoni. Ninyi mnayo bodi ya shule; ipitieni hiyo kwanza, kisha mkuu wa shule afuate kibali halmashauri. Mchango wa hiari ubaki wa hiari, wala asirudishwe mwanafunzi nyumbani kwa ajili yake. Polisi wa usalama barabarani wapewe taarifa kama mtavuka barabara kuu, maana malori ya Tunduma hayana subira.

Mambo mawili mtashawishiwa nayo, yakataeni. La kwanza ni fulana. Kila mtu atataka fulana yenye maandishi mgongoni, na mkishazilipia mtakuta mmetembea kwa ajili ya mwenye kiwanda cha kuchapa. La pili ni mgeni rasmi. Mkimwalika, sawa, lakini mkubaliane kwamba atawakuta njiani. Nimeshawahi kusimama kwenye matembezi mengine, sikutajii ya nani, tukimsubiri mgeni rasmi hadi jua likatufika utosini, watoto wameshamaliza maji na hatujapiga hatua hata moja.

Kuhusu mahali, ninyi mko Iringa, kwa nini mhangaike? Jiwe la Gangilonga lipo juu ya mji, mzee anapanda polepole na mtoto anapanda akikimbia, na wote mnauona mji mzima. Kama mnataka mwendo mrefu zaidi, kuna Kalenga, lilikorudishwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, mwaka 1954. Nina hakika nusu ya wazazi wa Iringa wamepita kibao chake miaka yote bila kuingia. Au Isimila, kwenye zile nguzo za mchanga korongoni. Zana za mawe za kale za pale ziligunduliwa mwaka 1951, na aliyeziona alikuwa mwanafunzi, kama wewe. Mwombeni mwalimu wa historia atembee katikati ya msafara, wala asikae mbele. Mbele wanakuwa wenye haraka, na hao hawasikilizi.

Kimoja nilichokiona Ngozi sikukitegemea. Kwenye kikao cha wazazi tunakaa tumeelekea ubao, tunasomewa upungufu, tunanuniana na kuondoka. Njiani huna jinsi, lazima useme na aliye pembeni yako. Niligundua kwamba baba wa rafiki yake mdogo wako anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Sasa watoto wanatoka shule pamoja, na siku nikichelewa kazini namjua nani wa kumpigia simu.

Ukishajua tarehe niandikie mapema, ili niombe ruhusa kazini na nikate tiketi kabla mabasi hayajajaa. Baba yako anasema atatoa mifuko miwili ya saruji, ila anataka barua yenye muhuri wa shule, si maneno yako matupu. Bibi naye anakuja, na anauliza kama njia ya Gangilonga ina mahali pa kukaa kivulini. Nenda ukaangalie, umjibu yeye mwenyewe.

Ndaga fijo, asante sana, kwa picha uliyotuma. Umekonda kidogo, kula.

Ni mimi,
Mama