YAH: Draivshafti iliyokatika mlimani baada ya kuambiwa "ni masufuria tu"

Kwa Meneja wa Karakana,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini u mzima. Gari mnalijua, ni ile Toyota IST ya rangi ya fedha inayonukia iliki, na kadi yake ya kazi mliiandika wenyewe. Utaratibu wenu wa kumpokea mteja mmeubandika ukutani karibu na feni, kwa hiyo sitakusomea.

Jumamosi iliyopita, saa tano na nusu asubuhi, nilikuwa napandisha Makongo nikitokea Goba na pilau ya watu sitini. Gari lilipiga kishindo kimoja chini ya miguu, likaacha kwenda. Injini inanguruma, gia ipo D, nakanyaga mafuta, gari halisogei hata shubiri. Nikaweka P ili nishuke niangalie. Ndugu Meneja, gari likaanza kurudi nyuma likiwa kwenye P! Nyuma yangu kuna bajaji ina abiria watatu. Nilivuta hendibreki kwa mikono miwili, kijana wangu wa kazi akaruka kutafuta jiwe. Baadaye nikaelezwa kwamba P inafunga giaboksi, haifungi tairi, na draivshafti, ile fimbo ya chuma inayozungusha tairi, ikishakatika hakuna tena kinachoziunganisha. Ninyi hilo mnalijua. Mimi nimefundishwa na mlima.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilikuwa mapokezini kwenu, nimesimama, naeleza polepole na kijana anaandika. Nilisema: nikikata kushoto kuingia barabara kubwa, upande wa kulia unalia ka-ka-ka-ka, na usukani ukikatwa wote unalia zaidi, nikinyoosha, kimya. Nikasema pia kuna grisi nyeusi imerukia ndani ya rimu ya kulia. Hata fundi aliyeanza juzi, ukimpa maneno hayo anajua aende wapi: buti, ule mpira unaofunika jointi ya draivshafti, limechanika, tairi likizunguka grisi inatupwa nje, mchanga unaingia kwenye gololi, jointi ya nje, ya upande wa tairi, inajila. Mkiwahi, ni buti jipya na grisi, chini ya elfu hamsini na ufundi humo humo. Kwenye kadi kijana aliandika "kelele". Basi.

Fundi wenu alilitoa gari getini mpaka kwenye kivuli, mita ishirini hivi, mstari ulionyooka kama rula. Hakukata kona hata moja. Akarudi akasema halina shida. Ndipo msimamizi wa karakana akafungua buti la nyuma la mizigo, akakuta masufuria yangu, akachukua mfuniko mmoja, akaugonga kwa spana mbele ya wateja wote na kusema, "Mama, ugonjwa wa gari lako huu hapa." Watu wakacheka.

Nililipa 285,000. Alaimenti, balansi ya matairi manne, na linki za stabilaiza ambazo hazikuwa na kosa. Risiti ya mkono, si ya EFD, mashine ya risiti za kodi, hilo nitalirudia. Na mkanipa ofa ya kuoshewa gari chini, bure. Mlipiga maji ya presha pale pale penye buti lililochanika. Grisi iliyokuwa ushahidi wangu mkaiosha, na maji mkayaingiza kwenye jointi. Nilirudi nyumbani na rimu inang'aa, nikaamini labda kweli ni masufuria. Kwa siku kadhaa nilikuwa nayafunga kwa khanga yasigongane. Mtu mzima mimi, nafunga masufuria kwa khanga, na jointi inasagika!

Aliyejua ni fundi mmoja anayekaa chini ya mwarobaini, nilikovutiwa gari siku ile. Aliitazama jointi ilivyopasuka, akapangusa kidole, akanionyesha grisi imegeuka rangi ya maziwa ya chai kwa sababu ya maji. Akasema kuipima kabla haijakatika kusingemchukua dakika tano: unakwenda uwanjani, unakata usukani wote, unazunguka taratibu kushoto, kisha kulia, unasikiliza. Ukikata kushoto ikalia, unaanza kuangalia ya kulia maana ndiyo inayobeba uzito. Ingekuwa jointi ya ndani, ya upande wa giaboksi, gari lingetetemeka ukikanyaga mafuta kwenye mnyooko. Ingekuwa beringi ya habu, lingevuma hata bila kona. Halafu unapiga jeki, unachungulia buti. Hakunitoza hata senti. Nilimwachia pilau, maana kwa wenye sherehe ilishachelewa na wakaagiza kwingine.

Ungedhani yameishia hapo. Jumatatu nilileta gari kwenu kwa gari la kuvuta, kwa kuwa nilisema walioharibu ndio watengeneze. Mkanifungia draivshafti ya kulia iliyotumika, ambayo jointi yake haina ile ringi yenye meno ya ABS, mfumo unaozuia tairi kujifunga ukipiga breki. Taa ya ABS ikawaka kwenye dashibodi kabla sijatoka getini. Nikarudi. Jibu nililopewa: "Haina madhara, mama, ukitaka tunaichomoa balbu." Jumanne alfajiri nikakuta matone mekundu barazani, mekundu kama juisi ya rozela. Ni oili ya giaboksi. Shafti ilichomekwa bila uangalifu, sili, ule mpira unaozuia oili kuvuja, ikajeruhiwa. Oili hiyo ikipungua tutaanza kuzungumzia giaboksi nzima, na hapo hatutaitana ndugu.

Nirudi kwenye ule mfuniko, kwa sababu nikilala nausikia. Nataka uone vizuri, Meneja, kwani hukuwepo. Ilikuwa saa nne asubuhi, kwenye benchi wamekaa watu saba. Mmoja wao ni mteja wangu, mama wa ofisi moja Mwenge ninayempelekea chakula kila Ijumaa. Msimamizi wako hakuugonga mara moja. Aliugonga mara nne, kwa mdundo wa ngoma, akaigiza na kukata kona kwa mabega. "Gari siyo sufuria la pilau, mama yangu. Mwambie mzee aje tuongee naye." Mzee gani? Gari ni langu, kadi ya gari ina jina langu, pesa nimeilipa mimi. Yule mama wa Mwenge aliangalia simu yake. Kijana wangu wa kazi, ambaye ananiita mama kwa heshima, aliangalia chini. Na mimi nilicheka pia. Hilo ndilo linaloniuma kupita 285,000: nilicheka nao.

Sasa madai. Nilipokaa kuandika nilitaka nirudishiwe 285,000 tu. Lakini kadiri ninavyoandika naona nilikuwa najidhulumu. Nataka hiyo 285,000, na 140,000 ya shafti isiyo na ringi. Nataka shafti sahihi yenye ringi ya ABS, sili mpya na oili ijazwe, kazi ifanywe na fundi nitakayemleta mimi, gharama zenu. Sahani sitini kwa 7,000 ni 420,000. Nazo mtalipa, pamoja na gari la kuvuta. Na msimamizi aniombe radhi kwa maandishi, karatasi ibandikwe karibu na feni, chini ya utaratibu wenu.

Nilikusudia kuwapa siku kumi na nne. Nawapa saba. Zikipita, nakwenda FCC, Tume ya Ushindani, na kadi yenu ya kazi iliyoandikwa "kelele", kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda na mlaji pia, hata mlaji anayepika. TRA, watu wa kodi, nitawapelekea ile risiti ya mkono. Mahakama ya Mwanzo si mbali na ninapochukulia nyama, na njia naijua. Sisemi haya kwa kukutisha, Ndugu Meneja, nakuheshimu.

Jambo la mwisho. Ule mfuniko haukurudishwa. Jumamosi ile nilifunika sufuria kwa foili. Jumatatu nimeuona juu ya meza ya fundi wenu, umechubuka kingo, umewekewa nati na grisi. Nitaufuata. Msiuoshe.

Wenu katika kusubiri,
Mwenye IST, Goba