Tuwataje Wanaotuletea Mbao za Ala

Mhariri,

Nimesoma kwa furaha makala mliyochapa kuhusu mafundi wa gitaa na fidla. Mwandishi alitutendea haki sisi tunaoshinda na randa na gundi, na wanamuziki nao wakapewa nafasi yao. Lakini nilifika mwisho wa makala bila kumwona mtu mmoja akitajwa hata mara moja: yule aliyekwenda msituni, akauchagua mti, akaupasua, akaanika mbao zake na kuzingoja miaka, hadi zikafika kwenye meza yangu ya kazi. Naomba nafasi kidogo nimseme yeye.

Wengi hudhani mbao ni mbao. Anayetengeneza meza anaweza kusamehe mengi: kifundo kidogo, nyuzi za mti zilizopinda, unyevu uliobaki ndani. Ubao wa uso wa gitaa hausamehewi chochote. Unarandwa hadi unabaki na unene wa milimita 3 au pungufu, kisha unavutwa na nyuzi sita usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo anayeutafuta hawezi kuridhika na mti wowote. Kwa sprusi, mti wa nchi za baridi unaofanana na msonobari, ambao mbao yake ndiyo inayopendwa zaidi kwa uso wa gitaa na fidla, anatafuta mti uliokua taratibu kwenye baridi, pete zake za miaka zikiwa zimebanana, shina limenyooka, sehemu ya chini haina matawi, na halikujisokota lilipokuwa likipanda juu. Mti wa namna hiyo mara nyingi una umri unaozidi miaka 150. Mtu anaweza kuzunguka msitu kutwa nzima akauwekea alama mti mmoja tu, na hata huo hajui kwa hakika una nini ndani mpaka upasuliwe.

Nasema upasuliwe kwa makusudi. Msambazaji anayeijua kazi haanzi na msumeno. Analigawa gogo kwa kabari na nyundo, lipasuke kwa kufuata nyuzi zake lenyewe. Msumeno unakata popote unapoelekezwa, hata kama unazikatiza nyuzi, lakini kabari inaonyesha ukweli: kama mti ulijisokota, mpasuko nao unajisokota. Baada ya hapo ndipo anapokata, akihakikisha pete za miaka zinasimama wima katika unene wa ubao. Mbao inapokauka hunywea, na kwa kufuata mzunguko wa pete hunywea karibu mara mbili ya inavyonywea kutoka kiini kwenda kwenye gome. Pete zikisimama wima, ubao hutulia. Zikilala, ubao hupinda na baadaye hupasuka. Ukataji huo unapoteza mbao nyingi, na hasara inabaki kwa msambazaji. Mimi huletewa vipande viwili safi vilivyotoka bega kwa bega kwenye gogo moja, vinafunguka kama kurasa za kitabu, na ni rahisi sana nikasahau kilichoachwa nyuma.

Mpingo una taabu zake. Huo ndio unaotoa ala za kupuliza kama klarineti na oboi, na sehemu kubwa ya mpingo wa ala hutoka Tanzania na Msumbiji. Ni mti unaokua polepole mno, huchukua miaka 70 na zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa, na mbao yake ni nzito kiasi cha kuzama majini. Shina mara nyingi limepinda, lina nyufa na mashimo ndani. Kinachofaa ni kiini cheusi peke yake, ile sehemu ya nje iliyopauka inaondolewa. Mpingo hula meno ya msumeno upesi, na vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. Baada ya jasho lote hilo, sehemu ndogo tu ya gogo ndiyo inayopata kuwa ala. Wilayani Kilwa kuna vijiji vilivyopewa haki ya kusimamia misitu yao, na mwaka 2009 vya kwanza kati yake vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi mzuri wa misitu. Huko wanakijiji wenyewe wanashiriki kuamua mti gani uangushwe na upi uachwe, na mapato yanarudi kijijini. Mpiga klarineti akisimama jukwaani, watu hao nao wana sehemu yao katika makofi yale.

Hata hivyo, kwangu mimi kazi yao kubwa kuliko zote ni kungoja. Mbao mbichi haiharakishwi. Ncha zake hupakwa nta, kwa kuwa ncha hutoa maji haraka kuliko ubavu, na hapo ndipo nyufa huanzia. Kisha hupangwa kwa tabaka, vijiti vikitenganisha ubao na ubao ili hewa ipite, mahali penye kivuli. Hugeuzwa, hukaguliwa, huachwa. Inapita miaka, na muda wote huo fedha ya msambazaji imelala kwenye zile mbao na hawezi kuigusa.

Nilipoanza kazi hii nilikwenda kwa mzee mmoja ambaye hadi leo ndiye anayeniuzia mbao. Nilikuwa na oda ya haraka na fedha mkononi. Nikauona ubao mzuri kuliko yote aliyokuwa nayo, nikamwambia, “Mzee, naomba huu.” Akaugonga kwa kidole, akausogeza sikioni, akaurudisha palepale. “Bado, mwanangu. Rudi mwakani.” Nilimsihi. Akanijibu kwamba ataniuzia ubao mwingine wa bei ndogo, lakini ule hatauza mpaka uwe tayari. Niliondoka nimekasirika, nikanunua kwingine, kwa mtu asiyeuliza maswali. Gitaa lile lilipasuka uso kabla ya mwaka kwisha na nikalazimika kulifungua upya kwa gharama yangu. Nilirudi kwa mzee. Hakunikumbusha lolote, alinipeleka moja kwa moja kwenye ule ubao.

Siku hizi kuna mzigo mwingine umeongezeka. Tangu Januari 2017, karibu miti yote ya jamii ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, katika biashara ya kuvuka mipaka. Mwishoni mwa 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zililegezewa masharti, lakini magogo na mbao hazikulegezewa. Naona ni sawa, kwa sababu miti inakwisha. Lakini tujue nani anabeba uzito: ni yule msambazaji mwaminifu anayehangaikia vibali, kutunza kumbukumbu za kila gogo na kungoja mihuri, huku akishindanishwa na mwizi wa misitu anayeuza kwa bei rahisi kwa kuwa hakulipia kitu. Fundi anayenunua kwa mwizi huyo anamwangusha mwenzake, na anamaliza mbao za fundi atakayekuja baada yake.

Sifa zangu ni kwa wale wanaoifanya kazi hii kwa haki, na najua wapo wengi. Oktoba 2018 dhoruba ilipoangusha mamilioni ya miti kaskazini mwa Italia, hata katika bonde la Fiemme linalosifika tangu zamani kwa sprusi ya fidla, wapo waliolazimika kupekua kati ya miti iliyolala ovyo, kutafuta ile ya kutoa sauti kabla wadudu hawajaiwahi. Kazi ile ni ya hatari, maana mti ulioangushwa na upepo umejikaza na unaweza kumrukia anayeukata.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mnapomwandika fundi, mwulizeni mbao amezipata kwa nani. Kwa mafundi wenzangu, tuwalipe watu hawa kwa wakati, tusiwarudishie ubao kwa sababu ya doa la rangi ambalo halina athari kwa sauti, na tuwataje. Ndani ya gitaa au fidla kuna karatasi yenye jina la fundi na mwaka. Nafasi ya mstari mmoja zaidi haikosekani.

Mimi nimeshaanza. Juzi nilimwonyesha mzee karatasi ya gitaa ninalomalizia sasa, jina lake likiwa chini ya langu. Aliisoma, akanishukuru, kisha akaniomba niongeze mwaka mti ulipoangushwa. Alisema fundi atakayelifungua gitaa hili siku moja kulitengeneza atataka kujua mbao hii ilikuwa imekauka kwa muda gani.

Fundi wa ala za nyuzi