Wajukuu zangu, msiibebeshe kudra mizigo ya watu

Wajukuu zangu,

Kila mkisimulia hadithi ya wapendanao waliokufa, mnamalizia vilevile: ilikuwa imeandikwa. Sibishani na kudra, umri wangu hauniruhusu. Ninachokataa ni kuitupia makosa ya watu.

Chukueni Romeo na Juliet, maana ndio mnaoniletea kila tukibishana. Ni kweli Shakespeare anatutangazia kifo chao tangu mwanzo, tena anawaita wapenzi wenye nyota mbaya. Ni kweli pia kwamba barua ya Padri Laurence, aliyewaoza kwa siri, ya kumjulisha Romeo kwamba Juliet si maiti bali amelazwa na dawa, haikutoka Verona, mji wao, kwa kuwa mtawa aliyetumwa nayo alifungiwa katika nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni. Hiyo ni ajali, simlaumu mtu.

Lakini someni tena pale Balthasar, mtumishi wa Romeo, anapofika Mantua, mji alikohamishiwa bwana wake, na habari kwamba Juliet amefariki. Anamwona bwana wake amepauka, macho yamembadilika, anamsihi awe na subira. Romeo anamuuliza kama ameleta barua yoyote ya padri. Hapana. Basi haidhuru, nenda zako. Haidhuru! Barua aliikumbuka mwenyewe, akaiulizia mwenyewe, kisha akaipuuza. Muda si muda yuko kwa muuza dawa, anatoa dukati 40 apewe sumu. Habari ya uongo aliletewa. Kumfukuza mtu pekee aliyeuona uso wake aliamua yeye.

Wazee wenzangu nao wasijifiche. Baba yake Juliet, alipodhani binti amekubali kuolewa na Paris, bwana aliyemchagulia yeye, aliivuta harusi kutoka Alhamisi hadi Jumatano, kwa furaha tu. Binti akalazimika kuinywa dawa ya usingizi, ile ya saa 42, usiku mmoja kabla ya ule waliopanga na padri. Siku nzima ya kuifikisha barua ikapotea hivyo. Na uhasama wa koo zile mbili, ambao hata chanzo chake hatuambiwi, ulikuwa ukilishwa na watu wazima wenye akili zao. Kwa mtoto, uamuzi wa mzazi hufanana sana na kudra: anaukuta umeshapitishwa.

Hata Majnun, katika utenzi wa mshairi wa Kiajemi Nizami wa mwaka 1188, alilitaja jina la mpenzi wake Layla katika mashairi yake mpaka likawa midomoni mwa kila mtu, ndipo baba mtu akamnyima posa. Nampenda kijana yule, ila hakuna aliyemtuma aimbe hadharani. (Mtasema mapenzi hayana macho. Semeni.) Tristan na Isolde, wapenzi wa hadithi za kale za Ulaya, siwagusi; walikunywa dawa ya mapenzi kwa bahati mbaya, wana udhuru wao.

Basi siku mtakayopata habari ya kuvunja moyo, msimfukuze Balthasar wenu. Kaeni naye hata akiwachosha na subira zake. Msiamue lolote usiku huo, na kama kuna barua mnayoitazamia, ingojeni. Mpenzi akikwambia atakufa bila wewe, usimwahidi kumfuata: mwite mtu mzima upesi, hata kama uliapa kutunza siri. Nanyi wazazi, kabla hamjaivuta mbele siku ya harusi, mwulizeni bibi harusi.

Babu yenu