Kabla hujalipia nyumba, kaflashi choo kwanza

Sisi ni mafundi wa umeme na bomba, tunakagua nyumba kabla mtu hajainunua. Ila wateja wetu wengi wanatupigia simu wakishahamia, na hapo ndo shida ilipo. Mtu kazunguka na dalali miezi sita, Goba, Kimara, Mbezi, mpaka soli za viatu zimeisha, kapata nyumba ina malumalu zinang'aa na jipsamu yenye taa za rangi, kalipa, kahamia, wiki ya pili anapiga simu eti fundi maji machafu yanarudi bafuni. Wakati tungeitwa kabla, masaa mawili tu yangetosha kumwambia nyumba ina nini.

Kuna mama mmoja tulienda kwake Kimara. Nyumba aliyonunua ilikaa bila mtu karibu miezi nane, kwa hiyo siku anaoneshwa kila kitu kikavu, hakuna hata harufu. Akahamia na watoto wanne na dada wa kazi, siku ya nne maji ya choo yakaanza kububujika kwenye tundu la bafu. Tukafunua chemba (kile kishimo chenye mfuniko ambamo majitaka yanapita kwenda shimoni), imejaa mpaka juu. Tukafuata bomba linaelekea wapi, tukakuta limepita chini ya ukuta likaingia kwa jirani! Kumbe zamani kiwanja kilikuwa kimoja, muuzaji alishauza nusu, na shimo la choo likabaki upande ule uliouzwa, jirani naye kajenga banda la kuku juu yake. Gari la majitaka halina pa kupita, jirani hataki kusikia habari yenyewe, na mama hela alishamaliza kulipa. Ikabidi achimbe shimo jipya mbele ya nyumba, pale pale alipopanga kupaki gari.

Ndo maana sisi tukifika kazi ya kwanza ni choo, hayo malumalu tutayaangalia baadaye. Flashi vyoo vyote mfululizo mara tano sita, mwaga ndoo mbili bafuni kwa mkupuo, halafu toka nje usimame kwenye chemba uone maji yanaondoka au yamesimama yanakuangalia. Na uliza shimo liko wapi, uoneshwe kwa kidole, siyo "liko huko nyuma". Kama ni bondeni muulize jirani (jirani, siyo dalali) masika inakuwaje, maana kuna sehemu maji ya ardhini yako juu kiasi kwamba kuanzia Machi mpaka Mei shimo linajaa lenyewe hata usipolitumia.

Umeme nao. Nunua LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya elfu kumi wewe mwenyewe, kwa namba ya mita ya hiyo nyumba. Kwa tarifu (kiwango cha bei) ya kawaida unatakiwa upate uniti kama 28, na kama ndo manunuzi ya kwanza ya mwezi ikikatwa kodi ya jengo 1,500 zinabaki kama 23 na kitu. Ukipata 12 ujue kuna deni linakatwa, na mfumo haujui kama wewe ndo umehamia jana, unakata tu. Nyumba iliyofungwa miezi nane kodi ya jengo peke yake ishafika 12,000, kwa hiyo elfu kumi yako inaweza kumezwa yote. Ukipata uniti nyingi kupita kawaida pia usishangilie, mita itakuwa kwenye tarifu ya watumiaji wadogo, wale wasiovuka uniti 75 kwa mwezi, na wewe una friji, pasi na pampu ya maji, hutakaa humo. Halafu kama mita haijawahi kuingizwa tokeni (zile namba unazopewa ukinunua umeme) tangu kabla ya tarehe 24 Novemba 2024 ulizia kama mfumo wake uliboreshwa, isipoboreshwa itakataa tokeni mpya zote.

Kingine, zima mein swichi halafu pita na chaja ya simu soketi moja baada ya nyingine. Chaja ikiwaka hata kwenye soketi moja, huenda kuna waya umeruka mita, na TANESCO (shirika la umeme) wakija kukagua watakukuta wewe ndani, muuzaji hayupo. Au kuna waya unatoka kwa jirani, hiyo nayo tumeshaikuta.

Maji siyo kazi ndefu. Funga bomba zote, kaangalie kile kigurudumu kidogo kwenye mita, kikiendelea kuzunguka kuna mahali maji yanavuja, pengine bomba limepasuka chini ya ardhi. Chukua namba ya akaunti uende nayo ofisi ya DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar) uulize deni, bili ya karatasi aliyokuonesha muuzaji inaweza kuwa ya mwaka jana. Kama ni kisima, onja. Watu wanaona aibu kuonja sijui kwa nini, hapa Dar visima vingi vina chumvi, na maji ya chumvi yanakula koki na hita, ukija kushtuka umebadilisha hita mbili. Simtanki panda ngazi uchungulie ndani, tulishawahi kukuta mjusi na sendozi.

Sisi tunakuja wawili, mmoja umeme mmoja bomba, na ngazi yetu na ndoo zetu. Muuzaji akisema leo LUKU imeisha njooni Jumamosi, usiondoke, toa simu ununue hapo hapo, si ndo kipimo chenyewe hicho.