Wamemmwagia nani tindikali?

Bwana Mhariri,

Juma lililopita nilikuwa barazani nikimsomea mke wangu gazeti lenu, kwa kuwa macho yake siku hizi hayaoni herufi ndogo. Nikafika ukurasa wa siasa: uchaguzi mdogo, mwandishi alisema, ni "jaribio la tindikali" kwa chama. Mke wangu akaacha kuchambua mchicha. "Maskini! Wamemmwagia nani?"

Nilicheka, kisha nikaona hana kosa. Mtu wa hapa akisikia tindikali hufikiria betri ya gari au uso ulioungua. Mwandishi alikuwa na msemo wa Kiingereza kichwani, "acid test", akahamisha maneno, maana akaiacha huko huko. Na maana yenyewe imetoka kwenye kazi ya sonara, kazi niliyoifanya miaka 31 katika chumba kimoja karibu na Ndia Kuu.

Mteja huleta bangili. Unaisugua kwenye jiwe jeusi lenye ukubwa wa kipande cha sabuni, inaacha mchirizo wa manjano. Kando yake unachora mchirizo wa pili kwa sindano ambayo una hakika ncha yake ni dhahabu ya karati 22, yaani sehemu 22 kati ya 24, ile inayopigwa chapa ya 916. Kisha unachovya kijiti cha kioo kwenye asidi ya nitriki, ndiyo tindikali yenyewe, na kukipitisha juu ya michirizo yote miwili. Shaba hugeuka kijani na kupotea. Dhahabu hubaki. (Kwa karati za juu huongezwa asidi ya hidrokloriki kidogo, maana nitriki peke yake haiiwezi dhahabu safi.) Fundi aliyenifunza hakuwa akiinua kichwa, kuhusu mchirizo alisema tu, "Umekaa," au "Umekimbia." Aliwahi kuja mama mmoja na bangili nne za marehemu mamake, auze alipe karo. Tatu zilikaa. Ya nne ikakimbia, naye akabaki akiliangalia lile jiwe mpaka nikajitia kutafuta kitu kwenye mtoto wa meza.

Kwa hiyo Mwingereza akitumia msemo huo hasemi jaribio lolote lile. Anasema kipimo kisichohongeka, kinachoonyesha kama kitu ni chenyewe au kimechovywa tu.

Makala hiyo hiyo, aya mbili chini, iliuita uchaguzi huo "jaribio la litmasi". Litmasi ni karatasi ya darasa la kemia: kwenye asidi huwa nyekundu, kwenye alikali huwa buluu. Hujibu swali moja, huku au kule, basi. Waingereza wa leo huitumia misemo hii miwili kama pacha, na sina ugomvi nao, lugha ni yao. Sisi tumelazimika na nini?

Maneno tunayo. Kutia kwenye mizani. Kujua mbivu na mbichi. Kutenga mchele na pumba. Mwanasiasa anayetuma wapambe mitaani wasikilize watu wanasemaje kabla hajatangaza kugombea, huyo anatia bildi, kama nahodha anayeteremsha kipande cha madini ya risasi kwa kamba ajue maji ni pima ngapi kabla hajaingiza jahazi. Nyinyi mmeandika "anajaribu maji", utadhani anataka kuoga. Ila kukiona cha mtema kuni msikuingize humu kama mnavyopenda. Huko ni kuteseka, si kupimwa.

Hata fitina ni neno la sonara. Asili yake katika Kiarabu ni kuitia dhahabu motoni ili itengane na taka. Lilipofika kwetu halikubeba tanuri wala makaa. Tulilipa kazi yake mtaani, na kazi hiyo haijawahi kukosekana. Hivyo ndivyo neno linavyohamia.

Mwandishi angeandika, "Uchaguzi huu ndio utakaotuonyesha mbivu na mbichi chamani," mke wangu angeendelea na mchicha wake.

Jiwe bado ninalo kabatini, limefungwa kwa kipande cha leso. Mwandishi wenu akitaka kuliona, aje baada ya laasiri. Asidi sina, niliamriwa kuitoa nyumbani siku mjukuu wa kwanza alipoanza kutambaa.

Sonara mstaafu,
Mji wa Kale, Mombasa