Barua kwa vijana mnaotaka kushauri juu ya majanga na fedha

Wanangu mnaomaliza vyuo vikuu vya Ardhi na Mlimani,

Salamu. Tangu Benki Kuu itoe mwongozo wa hatari za kifedha zitokanazo na tabianchi mwaka 2022, benki zinahitaji watu wa kukokotoa hasara za mafuriko, na wengi wenu mmeshaanza kujinoa kwa programu za kompyuta. Vizuri. Ila kabla ya programu, nunueni futi kamba.

Mkipewa ghala la Jangwani, bondeni mwa Mto Msimbazi, pimeni kwanza kutoka ardhi ya nje hadi sakafu ya ndani. Tafuteni alama ya tope ukutani, nayo ipimeni. Tazameni swichi kuu ya umeme iko juu kiasi gani na mzigo wa chini kabisa umekalia nini. Data za bure za satelaiti hukosea kimo cha ardhi kwa mita kadhaa, tena mara nyingi husoma bati kana kwamba ni ardhi. Maji ya sentimita 60 hayaonekani humo. Ndiyo maana Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mafuriko za Dar es Salaam ulioanza 2015, waliingia mitaani wakaulizana na wenyeji maji hufika wapi.

Sasa hesabu. Tuseme jengo na mzigo ni shilingi milioni 400, sakafu imeinuka sentimita 30, na kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 10 wa maji ya sentimita 60 nje. Ndani yataingia sentimita 30. Zikiharibu asilimia 15 ya mali, hasara ni milioni 60, yaani wastani wa milioni 6 kwa mwaka kwa mafuriko hayo peke yake. Rafu za milioni 9 zikikata hasara hiyo nusu, zinaokoa milioni 3 kwa mwaka. Miaka mitatu zimejilipa. Mteja anunue rafu kwanza. Kukatia bima hasara inayorudi rudi ni ghali, maana kampuni itaweka gharama na faida yake juu ya hiyo milioni 6. Hasara ndogo ibebwe na akiba, ya kati na mkopo ulioafikiwa mapema, bima ingoje ile ya kufilisi.

"Mafuriko ya miaka 100" huwaponza wengi. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Ndani ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 inafika kama asilimia 26. Mpeni meneja wa mikopo hiyo ya pili, ndiyo atakayoisikiliza.

Kuna pia bima inayolipa kwa kipimo cha mvua bila kukagua hasara. Iogopeni kidogo. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe: mvua ikipiga huko, Jangwani inazama huku kipimo cha mbali kikisoma manyunyu, na mteja hapati kitu. Kabla hajasaini, chukueni takwimu za mvua za Mamlaka ya Hali ya Hewa, zilinganisheni na tarehe za mafuriko, Desemba 2011 na Aprili 2018 zikiwemo, mhesabu ingelipa mara ngapi. Ikikosa kulipa nusu ya mafuriko hayo, mwambieni mteja waziwazi, hata dalali akinuna.

Mzee wenu,
Ilala, Dar es Salaam