Fungu la treni za mfano mnadani Italia: tutoe dau au tuliache?

Kwako Mhariri, na kwenu wasomaji mliokwisha kuagiza treni za mfano kutoka ng'ambo,

Salamu kutoka Malindi. Tunaomba ushauri juu ya mnada wa mtandaoni utakaofungwa mwisho wa mwezi huu. Kinachouzwa ni fungu moja lililoko Italia: vichwa 6 vya treni, mabehewa 22, boksi la reli na transfoma moja, vyote vya upana wa reli wa milimita 16.5. Vingi ni vya Lima na Rivarossi, majina ya zamani ya treni za mfano za Italia. Picha ziko 11. Maelezo ni mistari miwili tu, na mna maneno matatu ambayo mnunuzi wa mbali lazima yamshtue: visto e piaciuto. Maana yake, umeona na umeridhika, usije kulalamika baadaye. Kiitaliano hapa Malindi hakitusumbui, wa kutusomea ni wengi. Linalotusumbua ni kwamba sisi hatujaona kitu, tumeonyeshwa picha.

Mnunuzi aliyeko Italia akipata kitu kibovu hupanda gari akakirudisha. Kwetu nauli ya kurudisha mzigo inaweza kuzidi thamani ya mzigo wenyewe. Kwa hiyo ukaguzi wote lazima umalizike kabla ya dau, na hapo ndipo tulipokwama. Tutaeleza tunachokiona kwenye picha, kisha mtuambie tunakosea wapi.

La kwanza, na ndilo linalotutia hofu zaidi, ni kuoza kwa zinki. Chasisi za treni nyingi za mfano zimemiminwa kwa aloi ya zinki. Pale kiwandani aloi ilipochafuliwa na risasi au bati, hata kwa kiasi kidogo sana, chuma huanza kujila chenyewe kutoka ndani. Huchukua miaka. Chasisi huvimba, hurefuka, hupinda, kisha hutoa nyufa nyembamba kama nywele, na mwisho humeguka mkononi kama biskuti. Haina dawa. Gundi haishiki kwa sababu chuma kinaendelea kukua chini yake, na rangi haizuii kitu. Unyevu huharakisha kazi hiyo, nasi tunaishi penye hewa ya bahari mwaka mzima. Kwenye picha ya saba, bodi ya kichwa cha nne imeinuka upande mmoja, kama milimita 1 juu ya chasisi. Inawezekana ni skrubu iliyolegea au kishikizo cha plastiki kilichovunjika, jambo la dakika tano. Inawezekana pia chasisi imevimba na kuisukuma bodi juu, na hapo hicho kichwa kimekufa. Picha iliyopigwa kwa juu haiwezi kutofautisha mambo hayo mawili. Inayoweza ni picha ya tumboni, rula ya chuma ikiwa imelazwa kutoka ncha hadi ncha: mwanga ukipenya katikati au rula ikicheza nchani, chasisi imepinda. Tumemwomba muuzaji picha hiyo. Amejibu kwamba yote yaliyopo yako kwenye tangazo.

Kichwa cha sita si cha familia hii. Kwenye picha ya tisa, chini yake kuna ulimi mrefu wa bati uliolala katikati kwa urefu wa tumbo. Hiyo ni alama ya mfumo wa Märklin, kiwanda cha Ujerumani. Muuzaji amekichanganya na vingine kwa kuwa upana wa reli unafanana, lakini umeme haupiti njia moja. Märklin huchukua umeme kwenye pini ndogo za chuma zilizopangwa katikati ya mataruma, na reli zote mbili za pembeni ni njia ya kurudia, kwa hiyo magurudumu yake hayakutengwa kiumeme kushoto na kulia. Kiweke juu ya reli yetu ya nyaya mbili, ambamo kila reli ina upande wake wa umeme, na papo hapo kinapiga shoti. Kukigeuza kunataka magurudumu mapya, vichukua umeme vipya na kazi kwenye mota. Kwa hesabu yetu vichwa ni 5, si 6. Wauzaji wengi hawafanyi hivi kwa hila. Wamerithi boksi la mzee na hawajui tofauti. Mnunuzi hasara yake ni ileile.

Transfoma nayo tunaihesabu sifuri. Inaonekana ni ya mfumo huohuo wa Märklin, ya zamani, iliyotengenezwa kwa volti 220. Umeme wa Kenya ni volti 240, yaani asilimia 9 zaidi, na ongezeko hilo huenda mpaka upande wa pili. Mapigo ya umeme ya kukibadilisha kichwa mwelekeo, ambayo ni kama volti 24, hupanda hadi 26, na hapo balbu na koili huweza kuungua. Waya wake pia unaonekana umepasuka maganda. Kitu cha namna hiyo hakichomekwi ukutani hata kwa majaribio.

Sasa magurudumu. Lima na Rivarossi za zamani zina kingo ndefu mno kwenye magurudumu. Ubao wetu ni plaiwudi ya futi 8 kwa 4, na tayari tumelaza mita 12 za reli ya kodi 75, maana yake kimo cha reli ni inchi 0.075, karibu milimita 1.9. Juu ya reli fupi hivyo, ukingo mrefu hugonga vishikio vinavyoibana reli kwenye taruma, na behewa hutembea likirukaruka. Kwenye kodi 100, yenye milimita 2.5, mengi hupita bila shida. Kuna pia nafasi ya ndani kati ya gurudumu na gurudumu: sisi tunapima milimita 14.5 kwa kalipa, na ekseli za zamani mara nyingi huwa nyembamba kuliko hapo, ndiyo maana behewa linatulia kwenye reli iliyonyooka kisha linapanda na kuanguka mahali reli zinapogawanyika. Dawa ni kubadilisha ekseli, lakini hesabu yake si ndogo. Kati ya mabehewa 22, tumehesabu 14 ya ekseli mbili na 8 ya abiria yenye ekseli nne, jumla ekseli 60. Hata ikipatikana kwa euro 1 kila moja, ni euro 60 nje ya bei ya fungu. Tena haifai kuagiza kwa kukisia, kwani urefu wa ekseli kutoka ncha hadi ncha haufanani kati ya kiwanda na kiwanda: ikizidi inabana, ikipungua inadondoka.

Jina Rivarossi au Lima peke yake, bila mwaka, halimwambii mnunuzi mengi. Kampuni ya Hornby ya Uingereza ilichukua majina hayo mwaka 2004. Vilivyotengenezwa baada ya hapo ni vitu vingine kabisa: kingo fupi, mota nyingine, vipuri visivyoingia kwenye vile vya zamani. Maandishi ya kasha husaidia, vya zamani vikitaja Italia na vipya vikitaja China, ila kasha na kilichomo si lazima vizaliwe pamoja. Namba ya kasha ilinganishwe na namba iliyoandikwa ubavuni mwa kichwa. Katika fungu hili makasha ni 3 tu, na moja lina namba ya behewa huku ndani mmelazwa kichwa. Na sponji ya zamani ndani ya kasha iangaliwe pia: huyeyuka kwa miaka ikawa kama gamu, ikang'ang'ania rangi.

Mota hatuziogopi sana. Grisi iliyokauka husafishwa, brashi za kaboni hubadilishwa, raba za magurudumu zilizokuwa ngumu hununuliwa kwa pakiti. Gia ndiyo ya kuangalia. Gia ya plastiki iliyobanwa kwenye ekseli ya chuma hupasuka pole pole, na mlio wake haufichiki: tak moja kila mzunguko, kwa mpigo uleule. Ndiyo sababu neno "inafanya kazi" halitoshi. Mara nyingi maana yake ni kwamba mtu amegusisha betri ya volti 9 kwenye magurudumu na mota ikalia. Tunachotaka ni video ya sekunde 30, kichwa kikiwa juu ya reli, kiende mbele na kirudi nyuma kwa mwendo wa pole bila kusukumwa kwa kidole. Mwendo wa kasi huficha kila kitu. Vichwa vingi vya Lima vya zamani huchukua umeme kwa magurudumu machache tu, kwa hiyo kusimamasimama kidogo kwenye video hakutatutisha.

Boksi la reli ndilo linaloharibu hesabu ya usafirishaji. Reli za zamani aghalabu ni za chuma cha kawaida, nazo kwa hewa ya chumvi ya hapa Malindi hushika kutu upesi hata ndani ya kabati. Reli nzuri ni za nikeli-silva, aloi ya shaba, nikeli na zinki. Kipimo ni sumaku ya kawaida: ikinasa ni chuma, isiponasa huenda ni nikeli-silva. Hili hata muuzaji asiyejua treni anaweza kulifanya, sumaku ya mlango wa friji inamtosha. Wasafirishaji wa ndege nao hutoza kwa uzito wa ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Kasha la 60 kwa 40 kwa 40 linahesabiwa kilo 19.2 hata likiwa na kilo 9 ndani. Bila reli na transfoma, fungu lote linaingia kwenye 45 kwa 35 kwa 30, yaani kilo 9.45. Nusu ya nauli inaondoka na vitu ambavyo hatuvihitaji.

Upande wa fedha uko hivi. Tukishinda kwa euro 180, nyumba ya mnada inaongeza asilimia 25 yake, euro 45. Usafirishaji wa kasha dogo tumepewa euro 95. Hiyo ni 320. Forodha ya Kenya haitozi kwa bei ya kitu peke yake. Huhesabu bei pamoja na nauli na bima, kisha VAT ya 16% hukaa juu ya jumla yenye ushuru ndani. Kabla hata ya kugusa ushuru, VAT inaleta euro 51 na zaidi. Weka ekseli 60 na tumefika 431, na mzigo bado haujatoka Nairobi kuja Malindi. Gawanya kwa vichwa 5 ambavyo kimoja chake kina shaka ya zinki, na bei rahisi ya fungu inayeyuka.

Kuhusu dau lenyewe tumekwisha kukubaliana: tutaandika kikomo chetu mara moja, dakika za mwisho, na hatutakiongeza. Kupandisha kidogo kidogo kwa siku kumi ni kumlisha muuzaji. Tumeona pia kwamba akaunti moja imetoa dau mara nne kwenye fungu hili na kwenye mafungu mengine mawili ya muuzaji huyuhuyu, na kwingine haionekani. Si ushahidi, lakini akaunti ya namna hiyo mara nyingi ni ya mtu wa kusukuma bei, na yeye hujitoa mnunuzi halisi anapofika juu.

Kwa wanaotuuliza kwa nini tusitafute kichwa cha reli ya Kenya badala ya hivi vya Ulaya: zile injini kubwa za mvuke aina ya Garratt za daraja la 59, jumla 34, zilizojengwa na kampuni ya Beyer, Peacock huko Manchester mwaka 1955 na 1956, zilitembea kwenye reli ya upana wa mita moja. Kwa kipimo cha 1:87, yaani kitu halisi kikipunguzwa mara 87, mita hiyo inakuwa milimita 11.5, hivyo hutumika reli ya milimita 12. Ubao wetu ni wa 16.5. Tunazipenda sana, lakini zinataka ubao wao.

Kikundi chetu kimegawanyika. Baadhi wanasema tuandike kikomo cha euro 110, tukihesabu vichwa 4 na mabehewa tu, na tumwombe muuzaji abaki na reli na transfoma. Wengine wanasema fedha hizohizo zitafute kichwa kimoja cha karibuni, chenye video na chenye haki ya kurudishwa, hata tukikosa mabehewa kwa sasa.

Tunawaomba mtusaidie kwa haya. Je, kuna aliyewahi kuona bodi ya Rivarossi ya zamani imeinuka milimita 1 kwa sababu ya kishikizo tu, na alitambua vipi bila kuifungua? Je, ni busara kubadilisha ekseli 60, au tung'oe mita 12 za kodi 75 tulaze kodi 100 upya? Na muuzaji aliyekwisha kukataa mara moja, aombwe vipi picha ya rula na jaribio la sumaku bila kumuudhi? Tumefikiria kumwahidi kwamba tutalipa siku hiyohiyo na kumwachia boksi la reli aliuze tena, lakini hatujui kama kanuni za minada zinaruhusu mnunuzi kuacha sehemu ya fungu.

Mnada unafungwa saa tatu usiku kwa saa za Italia, ambayo kwa majira haya ni saa nne kwetu. Jibu lolote litakalotufikia kabla ya hapo tutalifanyia kazi, na picha ya saba tutaituma kwa yeyote atakayetaka kuitazama kwa karibu.

Wenu,
Wajenzi wa reli ndogo, Malindi